Nani aliwatuma ODM mkaingize chama serikalini?

Wakenya wenzangu, nina hasira na sitaificha. Kila ukisema chama chetu cha ODM kimetutupa kwa kuingia serikali ya Rais Ruto, unajibiwa kwamba chama cha mageuzi hakiwezi kuishi kwa kupinga tu, lazima kisogee katikati kama kinataka kushinda 2027. Hata pale bustani ya Jeevanjee, Nairobi, wazee wanaimba hivyo hivyo, na mfano wao ni Tony Blair wa chama cha Labour, Uingereza.

Haya, tuutazame huo mfano. Labour walibadilisha Kifungu cha 4 cha katiba yao, kile cha umma kumiliki njia za uzalishaji, mwaka 1995, kwenye mkutano maalum wa chama, kwa kura. Miaka miwili baadaye wakaingia uchaguzini wakiwa bado upinzani, wakawang'oa Conservative. Walimfuata mwananchi aliyekuwa hawapigii kura. Nyinyi mmemfuata nani? Tume ya haki za binadamu ilihesabu watu 39 waliouawa kwenye maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha kufikia Julai mosi 2024. Mwezi huo huo, viongozi wetu Mbadi, Wandayi, Joho na Oparanya wakateuliwa mawaziri. Mimi mwanachama sikuulizwa, na hapa Kibera simjui aliyeulizwa.

Kinachoniuma zaidi ni Hazina, yaani wizara ya fedha. Juni 25 wabunge 106 waliupinga Mswada wa Fedha huku vijana wakipigwa risasi nje ya Bunge. Wiki chache tu baadaye, wizara ile ile inayotunga kodi ikapewa Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wetu wa kitaifa! Sasa ushuru ukipanda tumlilie nani? Aliyekuwa atusemee ndiye anauandaa mswada. Mpiga kura gani mpya mtampata kwa njia hiyo? Hata sisi wa zamani mnatufukuza.

Mnatuonyesha mkataba wa ODM na UDA, chama cha Ruto, uliotiwa saini KICC Machi 7, 2025, wenye ajenda 10. Ndani yake mna haki ya kuandamana kwa amani na fidia kwa waathiriwa. Juni na Julai mwaka uo huo watu wakauawa tena kwenye maandamano, na hakuna hata mmoja kati ya hao mawaziri wanne aliyejiuzulu.

Na tangu Baba, Raila Odinga, kiongozi wa chama chetu, atutoke Oktoba 2025, kila kiongozi anadai yeye ndiye anayejua Baba alitaka nini. Msitumie jina la marehemu kutuziba midomo.

Itisheni mkutano wa wajumbe, tupige kura: tubaki au tutoke. Kabla ya kura, tusomewe zile ajenda 10 moja moja, ipi imetekelezwa na ipi bado. Wajumbe wa Nairobi mlio humu, jibuni: ombi hili mtalipeleka lini?