Tupeane uzoefu: Mazoezi ya kujiokoa porini na kujiweka fiti kwa dharura, wewe yalikukuta yapi?

#1 (mleta mada)
Wakuu habari zenu. Nianze kwa kujianika mwenyewe. Mimi ni wale watu wa begi la dharura, miaka miwili nakusanya tu, tochi mbili, kamba, turubai, kishoka, chujio la maji, sufuria, kile chuma cha kukwangua cheche, kila nikiona kitu kwenye video naongeza. Begi liko nyuma ya mlango, nikilitazama roho inatulia najiona komando kabisa. Sasa mwezi jana umeme ukakatika lifti ya jengo letu ikagoma, nikasema ngoja leo nijipime, nikavaa begi nishuke mpaka chini halafu nipande tena. Kushuka nilishuka freshi. Kupanda sasa, ghorofa ya nne miguu inatetemeka, ya sita nimekaa kwenye ngazi pumzi imekata, jasho linaingia machoni, anapita mama mmoja mtu mzima na ndoo ya maji mkononi ananiambia "pole baba, unahama?"

Nilikosa jibu aisee.

Nimepima begi lina kilo 23, mimi mwenyewe nina 74. Na hicho chuma cha cheche sijawahi kukikwangua hata siku moja, bado kina rangi yake nyeusi ya dukani. Naombeni uzoefu wenu wa kweli, sio mlichoangalia, kile ulichojaribu kwa mikono yako kikakubali au kikagoma.

#2
Hahaha mkuu hiyo rangi nyeusi ndiyo iliyoniumbua mimi. Kile chuma kipya kimepakwa rangi, usipoikwangua yote kwanza hakitoi cheche hata ukiomba dua, mimi nililijua hilo gizani mvua inanyesha.

Ilikuwa hivi, nyumbani nilishajaribu kuwasha moto mara nyingi tu na kiberiti, kuni kavu, jua kali, dakika mbili moto huu hapa. Tukaenda kulala porini watu wanne na mimi ndiye niliyejitangaza fundi wa moto. Mvua ikaanza mchana haikukata. Jioni vidole vimekufa ganzi, njiti ya kiberiti naishika naona naishika lakini siisikii, nimeokota kuni chini zote zimelowa chapachapa, nikamaliza njiti karibu zote kwa kuchoma karatasi, karatasi inawaka inaisha, kuni zinatoa moshi tu. Nikageukia kile chuma, ndo nakutana na rangi. Wenzangu wamekaa chini ya turubai wananiangalia, hakuna anayesema kitu, bora hata wangecheka.

Aliyetuokoa ni mzee tuliyekuwa naye, alikuwa kimya muda wote. Akaniambia acha za chini, kavunje matawi yaliyokufa lakini bado yananing'inia juu ya mti, ukilivunja likilia "ta!" hilo ni kavu, likijipinda liache. Halafu akachukua gogo nene kama mkono akalipasua katikati, ndani kavu kabisa, akachonga vibanzi vyembamba hadi vikajikunja. Akapanga marundo matatu kabla ya kugusa moto: vya wembamba wa njiti, vya unene wa kalamu, vya unene wa kidole gumba. Chini akatandika vijiti ili moto usikae kwenye tope. Njiti tatu zilizobaki, alitumia moja.

Tangu siku hiyo nafanya mazoezi baada ya mvua kunyesha, sio kabla. Na kabla ya kuanza nachovya mikono kwenye maji ya baridi mpaka vidole vigome. Mke wangu anaona nimechanganyikiwa lakini ndivyo vidole vitakavyokuwa siku yenyewe. Pamba yenye mafuta mazito ya kujipaka mwilini iweke pia kwenye kikopo, inadaka cheche haraka na inawaka dakika kadhaa wakati pamba tupu inapita kama upepo.

#3
Mimi nina neno moja tu, malengelenge. Buti mpya, kilomita 9, siku ya pili nikawa natembea kama bata. Viatu vya dharura viwe vile ulivyokwisha kuvizoea, basi.

#4
Yangu ni kupotea. Niliacha njia nikasema nakata shoti dakika kumi tu natokea upande wa pili, simu asilimia 11, maji nusu chupa. Mawingu yamefunga hakuna jua. Nilipoona njia haitokei, badala ya kusimama nikaongeza mwendo, yaani nilikuwa karibu nakimbia, moyo unadunda, najiambia ni pale mbele, ni pale mbele. Baada ya kama saa nzima nakuta alama za viatu kwenye tope nikafurahi kweli, kuna mtu kapita! Nikaweka mguu juu yake. Zilikuwa zangu.

Baadaye nikasoma kwamba watafiti walishalipima hilo wakachapisha mwaka 2009, waliwatembeza watu msituni Ujerumani na jangwani Tunisia, jua au mwezi ukionekana mtu ananyoosha, ukijificha anazunguka na yeye anaapa ananyoosha. Kwa hiyo sikuwa mjinga peke yangu.

Nilikaa chini nikanywa maji, nikawa napuliza filimbi mara tatu, napumzika dakika moja, tatu tena. Filimbi yenyewe ilikuwa imeshonewa kwenye mkanda wa begi, sikuwa hata najua ipo. Wenzangu walinisikia giza linaingia, na walikuja kwa sababu niliwaambia narudi saa kumi, nisingesema wangejua nimeshalala. Mazoezi yangu siku hizi ni ya kipuuzi kuyaelezea, naenda sehemu ninayoijua, nikihisi kidogo tu sijui nilipo nakaa chini dakika kumi. Kukaa. Huwezi amini kulivyo kugumu, mwili wote unataka kuondoka.

#5
Hapo kwa namba 4 napinga kidogo. Mbona yule Juliane Koepcke, msichana wa miaka 17 aliyeanguka na ndege Peru Desemba 1971, angekaa angefia pale pale? Alianguka kama kilomita 3 akiwa amefungwa kwenye kiti chake, akafuata kijito kikamtoa mtoni, siku ya 11 watu wakamkuta. Maji yanaenda kwa watu.

#4
Mkuu sikatai, ila angalia na yeye ni nani. Alishaishi na wazazi wake kwenye kituo chao cha utafiti humo humo msituni, baba yake ndiye aliyemfundisha kufuata maji. Na ndege za kutafuta alizisikia lakini miti ilifunika zisimuone. Mimi nilikuwa mita mia kadhaa kutoka kwa watu wanaonijua, wanajua na saa ya kurudi. Ningefuata kijito ningewakimbia wanaonitafuta. Kama hakuna anayejua uko wapi hilo ni suala lingine.

#6
Naomba nichangie upande wa mwili maana naona kaka zangu mko porini tu. Mimi nina miaka 53 siendi kulala msituni, mgongo umekataa. Lakini siku moja nilijiuliza usiku moto ukitokea humu ndani na baba watoto amepoteza fahamu namtoaje? Nikamwambia alale sakafuni ajifanye amezimia. Kilo 92. Nikavuta mikono, nikavuta miguu, hasogei, na yeye anacheka ndo anazidi kuwa mzito. Tukajaribu blanketi, nikamviringisha upande nikalisukumia chini yake nikamrudisha juu yake, nikashika ncha mbili za upande wa kichwani nikachuchumaa nikarudi kinyumenyume. Akasogea! Sio mbali, mita tano hivi nikapumzika, lakini alifika mlangoni.

Sasa mazoezi yangu yote yametoka hapo. Madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, natembea nayo mpaka vidole vianze kufunguka. Kukaa sakafuni na kuinuka bila kushika kitu. Ngazi. Hakuna hata moja inayopendeza kwenye picha. Na wewe mleta mada kilo 23 ni karibu theluthi ya mwili wako mwanangu, anza na kilo 7 hivi, uzoee wiki kadhaa, ndipo uongeze kidogo kidogo, utaharibu magoti.

#7
Kuongezea tu kwenye hilo chujio, mimi nililiamini nikalipa kwa tumbo. Maji yalitoka meupe kama ya chupa nikajua yako salama. Kumbe machujio mengi ya mkononi yanazuia bakteria lakini virusi vinapenya. Nachuja tope kwa kitambaa, halafu nachemsha yakishatokota kwa nguvu dakika 1 nzima, juu ya mita 2,000 ni dakika 3 kwa sababu huko yanatokota kabla hayajawa moto wa kutosha. Sufuria unayo mkuu, mradi huo moto ujue kuuwasha.

#1 (mleta mada)
Narudi na mrejesho wakuu. Begi nimelimwaga lote kitandani, kishoka kimetoka, tochi moja imetoka, kulikuwa na kamba tatu sijui za nini, sasa lina kilo 8. Filimbi sikuwa nayo, nimeitia. Chuma nimekikwangua rangi juzi, nikaweka pamba na mafuta, nimekwaruza nikahesabu mara 41 ndipo ikashika, na hapo nilikuwa nimekaa pakavu sina presha yoyote.

Lifti bado haijapona. Jumamosi nimepanda mpaka ghorofa ya tisa, nimepumzika mara mbili. Yule mama nimekutana naye tena pale ya saba, safari hii ana ndoo mbili.