Naomba ushauri: mzee anawekewa betri ya moyo (pacemaker), lakini eko (ultrasound ya moyo) imenitia wasiwasi

Wakuu habari zenu, na wakubwa shikamooni.

Mzee wangu ana miaka 78, yupo Tukuyu. Mwaka huu ameanguka mara tatu. Anazimika kidogo, akiamka anauliza mnanishangaa nini. Mbeya mjini ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ilionyesha mapigo 36 kwa dakika, umeme wa moyo haushuki kwenda vyumba vya chini. Amepewa rufaa ya JKCI (Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete), Dar, akawekewe betri. Hilo sina ubishi nalo, nauli tumeshachanga.

Kinachoninyima usingizi ni eko. Kuta za moyo zimenenepa hadi milimita 16, na mzee hajawahi kuwa na presha. Daktari aliyeisoma akauliza kama ana ganzi mikononi. Nilishangaa kajuaje! Anayo miaka mingi, mikono yote miwili, sisi tukasingizia jembe na baridi ya Rungwe. Akasema huenda ni amiloidosisi, yaani protini iliyoharibika inayojaa kwenye msuli wa moyo, ila betri isisubiri.

Figo na sukari viko sawa. Vipimo vya protini za damu na mkojo, vya kujua kama chanzo ni uboho, bado, tulikopimwa havipo.

Kwa madaktari na waliouguza: hivyo vipimo na skani ya mifupa ya kuangalia moyo, kwa Dar vinafanyika wapi? Na je, niombe mapema betri inayoruhusu kupimwa MRI (skani ya sumaku), au kwa umri wake haina maana?

Tunasafiri Jumatatu.