Nimedungwa na sindano kazini, kampuni inasema hakuna fidia kama sijaugua. Ni ukweli?

deki_kisumu
Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wenye wanajua mambo ya WIBA, ile sheria ya fidia ya kuumia kazini. Nafanya usafi kwa hospitali moja ya kibinafsi hapa Kisumu, lakini hospitali haijaniandika, nimeandikwa na kampuni ya usafi yenye iko na kandarasi hapo. Juzi asubuhi nilikuwa natoa taka wodi ya wanaume, ule mfuko mweusi wa taka za kawaida, maganda ya ndizi na karatasi za mkate, nikaushika hapo juu nikaukandamiza hewa itoke ndio niufunge, nikasikia kitu kimeingia chini ya kidole gumba. Kutoa glavu, damu. Kuangalia kwa mfuko ni ile sindano iko na mabawa kama ya kipepeo, ya kutoa damu, na kamrija kake bado kako na damu ndani. Hakuna mtu anajua ni ya mgonjwa gani.

Supavaiza akaniambia nioshe niendelee na kazi, hiyo ni kadoa tu. Sista wa wodi ndio alinishika mkono akanipeleka nikapimwa HIV nikatoka negativu, nikaanzishiwa PEP, zile dawa za kuzuia HIV isishike, siku hiyo hiyo. Sasa hizo dawa zilinishika vibaya, kutapika na kizunguzungu, daktari akaniandikia ofu karibu wiki nzima. Mshahara umeingia na hizo siku zote zimekatwa, na chanjo ya ini nimelipa na pesa yangu mwenyewe. Nikiuliza ofisini wananiambia ati fidia ni ya mtu amekatika kidole ama ameshapata ugonjwa, mimi niko mzima nadai nini, na tena nisiandike andike mambo mengi juu kandarasi iko karibu kufanywa upya. Niko na mtoto ananyonya. Kuna kitu naweza dai ama nitulie tu? Na nidai nani, kampuni ama hospitali?

Sista_Kondele
Pole sana dadangu. Kwanza mwili, pesa itafuata. Hizo PEP umalize zote siku 28, hata kama tumbo linakataa. Ukizidiwa rudi kliniki wakupatie ya kuzuia kutapika, usijikatie dawa wewe mwenyewe. Umeanza siku hiyo hiyo na hapo ndipo umefanya vizuri kuliko wengi, kwa sababu zikianza baada ya saa 72 hazina maana tena. Ndio usikose usingizi, kati ya watu 1,000 wenye wanadungwa na sindano yenye damu ya mtu ako na HIV, kama 3 hivi ndio wanaambukizwa, na hao ni wale hawakumeza dawa yoyote. Yenye mimi huogopa zaidi ni hepataitisi B, ule ugonjwa wa ini. Kwa mtu hajachanjwa hiyo inaweza kufika 6 hadi 30 kwa kila 100, na kale kavirusi kanaweza kukaa hai kwa damu imekauka hata siku 7. Kwa hivyo hiyo chanjo uende dozi zote tatu, ya sasa, ya baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa sita. Watu wengi huchoma ya kwanza wanapotea. Hepataitisi C haina chanjo, hiyo ni kupimwa tu na kurudia. Na mambo ya mtoto ambia wale wa kliniki leo leo kuwa unanyonyesha, watakupangia. Kwa mzee wa nyumba ni kondomu mpaka vipimo vya mwisho vitoke.

Halafu kitu kingine, ile karatasi ya siku ya kwanza yenye inasema ulikuwa negativu, umeiweka wapi? Itafute. Hiyo karatasi ndio inasema siku ile uliingia kazini ukiwa msafi. Siku moja Mungu aepushe kipimo kigeuke, bila hiyo watakuambia ulikuja nao kutoka nyumbani. Uliza pia kama walikupima hepataitisi B na C siku hiyo, kama hawakupima wapime sasa haraka kabla wakati haujapita.

Na mwenye alitupa hiyo sindano kwa mfuko mweusi!! Mimi ni nesi na naisema hapa wazi, hiyo ni yetu, si ya watu wa deki. Sindano inaenda kwa boksi la njano pale pale kando ya kitanda, hakuna hadithi ya nilikuwa na haraka. Daktari anadungwa anakimbiliwa na kila mtu, mama wa deki anaambiwa ni kadoa.

Omosh_Nyalenda
Tafuta wakili ushtaki hao wote wawili, hospitali na kampuni. Hiyo ni uzembe, milioni mbili tatu inatoka hapo bila shida, wakili atakata yake ikitoka.

mzee_wa_leba_Nax
Omosh wacha kupeleka mtu wa watu mbio. Hiyo njia ya kushtaki mwajiri moja kwa moja kortini kwa ajali ya kazi ilifungwa. Sheria ni Work Injury Benefits Act ya 2007, hiyo WIBA, na kifungu cha 16 kinasema mfanyakazi hamshtaki mwajiri kwa ajili ya ajali kazini, anadai kupitia hiyo sheria. Mawakili walipigana nayo miaka na miaka mpaka Mahakama ya Juu ikamaliza mambo Desemba 2019 ikasema WIBA iko sawa. Ukipeleka kesi ya uzembe leo hakimu anakuambia huna kesi hapa rudi kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na wakili ameshakula deposti.

Sasa dada wa deki, nikuambie ukweli bila sukari. Kwa kudungwa peke yake, kama hujaambukizwa, hakuna donge la pesa. Hapo kampuni haijadanganya yote. Donge la WIBA ni la ulemavu wa kudumu, linapigwa hivi: mshahara wako wa miezi 96, mara ile asilimia ya ulemavu daktari ameandika. Mfano tu, mtu wa 15,000 kwa mwezi, mara 96 ni 1,440,000, akiandikiwa asilimia 5 anapata 72,000. Wewe leo uko asilimia sifuri na tunaomba ubaki hapo hapo.

Lakini wamekudanganya kwa mambo mengine. Moja, matibabu ya ajali ya kazi ni juu ya mwajiri. Vipimo, chanjo, nauli ya kliniki, hiyo si ya mfuko wako na si ya SHA, ile bima ya afya ya serikali. Peleka risiti. Mbili, hizo siku wamekata. Sheria inasema ajali ikikuweka nje ya kazi siku tatu au zaidi unalipwa mshahara wako kwa huo muda, wewe umekaa karibu wiki. Wakikuambia ati hukuumia ulikuwa unatapika tu, waambie kutapika kumetoka kwa dawa na dawa zimetoka kwa sindano yao. Bora ile ofu iwe imeandikwa na daktari sababu yake, si "amepumzika" tu. Kama imeandikwa hivyo kijuujuu rudi kwake aandike vizuri.

Na tatu, hii ndio kubwa. Mwajiri akishajua ajali anafaa kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, wale tunaita DOSHS, ndani ya siku 7. Na wewe uko na miezi 12 kutoka siku ya ajali kuweka dai. Kwa hivyo unaandikisha SASA ukiwa mzima, hungoji ugonjwa. Fomu yake ni ya DOSH/WIBA 1, kuna pahali mwajiri anajaza na pahali daktari anajaza. Hiyo ikishaingia, siku yoyote kipimo kikibadilika kuna pa kuanzia. Wengi wanangoja waone kama wataugua, mwaka unapita, wanakuja kwetu wakilia na hakuna hata mstari mmoja kwa kitabu.

Unadai kampuni yenye imekuandika, yule anakulipa. Hao ndio wanafaa kuwa na bima ya WIBA, hata vibarua wamo, hakuna cha "yeye ni wa kandarasi". Lakini hospitali usiiache, maana ajali ilitokea kwao na rejista ya waliodungwa iko kwao.

mulembe_KK
Mzee ameongea. Mimi niko labu huku upande wa Kakamega, nilidungwa nikitoa damu mtoto alirusha mkono. Kile kiliniokoa ni rejista, tarehe, saa, sindano ya aina gani, nani aliona. Bima ilirudisha pesa ya vipimo vyote bila kelele. Mwenzangu mmoja naye alidungwa akanyamaza juu aliogopa watu watasema ako na HIV, mpaka leo anajilipia. Hiyo aibu ndio inatumaliza, si sindano.

Na tafadhali mwenye anasoma hii akidungwa leo, osha na maji na sabuni basi. Usikamue kidole, usimwage jiki. Kuna jamaa alichovya kidole kwa jiki hapa kwetu, ngozi ikatoka.

Omosh_Nyalenda
Sawa mzee nimesikia, lakini hiyo DOSHS si ni kupigwa danadana tu, leo njoo kesho, afisa hayuko. Na kampuni ikikataa kulipa?

mzee_wa_leba_Nax
Danadana iko, sikatai. Ofisi ni chache na maafisa ni wachache, utaenda zaidi ya mara moja. Lakini kuripoti ni bure, mtu akikuitisha kitu kidogo cha "kufungua faili" uliza risiti uone vile atatafuta mlango. Dai likishapelekwa kwa mwajiri ama bima yake wana siku 90 za kulipa. Wakikataa unaenda korti ya leba, ile ya ajira na mahusiano ya kazi, na iko Kisumu na hapa Nakuru. Na kama hukubaliani na uamuzi wa Mkurugenzi unaandika pingamizi ndani ya siku 60. Hapo sasa wakili ako na kazi Omosh, si mwanzo.

deki_kisumu
Asanteni sana, Mungu awabariki. Karatasi ya kupimwa niko nayo, sista nimeitafuta nimeipata kwa mkoba wa kliniki wa mtoto. Ya ini hawakupima, naenda kesho. Sasa shida ni hii, supavaiza anasema hakuna kitu aliandika popote na ofisi wanasema hawajui ajali yoyote. Nilimwambia na mdomo tu. Na naogopa, tuko wengi na wote ni wa mkataba, nikishikilia hii maneno watanitoa tu mwezi ukiisha.

mzee_wa_leba_Nax
Kuambia na mdomo ni ripoti, sheria inakubali ya mdomo na ya maandishi. Lakini ya mdomo inakanwa ndio maana leo usiku unaandika. Mtumie supavaiza meseji ya WhatsApp, kwa heshima, bila matusi: "Habari, kama nilivyokujulisha tarehe fulani saa fulani nilidungwa na sindano wodi ya wanaume nikifunga mfuko wa taka, nilipelekwa na sista nikaanzishiwa PEP, naomba ajali iandikishwe na nijaziwe fomu ya WIBA." Akijibu hata "sawa" imeisha, piga skrinshoti tumia mtu wa nyumbani. Asipojibu zile tiki mbili za samawati pia zinaongea. Halafu barua hiyo hiyo kopi mbili peleka ofisini, moja wapige muhuri ubaki nayo. Wakikataa muhuri, tuma kwa imeli.

Ya kufutwa: sheria ya ajira ya 2007 kifungu cha 46 inasema kulalamika dhidi ya mwajiri si sababu ya kumfuta mtu. Haimaanishi hawawezi jaribu. Mkataba ukiisha wanaweza kukaa tu bila kuurudisha na hapo ni ngumu kidogo, siwezi kukudanganya. Ndio nasema usiende peke yako. Mko wengi, wangapi wamedungwa wakanyamaza? Kuna chama cha KUDHEIHA kinachukua wafanyakazi wa hospitali wa aina yenu, uliza kama kiko hapo. Na hizo glavu, kama ni zile nyembamba za kupimia wagonjwa, iandike kwa barua. Mwajiri ndiye anafaa kukupa vifaa vya kujikinga bure, na mtu wa kushika mifuko ya taka za wodi anapewa glavu nzito na gambuti.

Sista_Kondele
Kuhusu kitabu, yule sista alikupeleka ako na jina lake kwa rejista ya PEP hapo kliniki, na faili yako iko na sababu ya kuanzishiwa dawa. Nenda uombe ripoti ya daktari, ni haki yako. Supavaiza hata akikana, kitabu cha kliniki hakimjui na hakimuogopi.

deki_kisumu
Meseji nimetuma. Imesomwa. Hajajibu ila amenipigia simu mara mbili sijashika.

mzee_wa_leba_Nax
Usishike. Mwambie aandike.

njoro_atachi
Samahani kuingilia, na sisi wanafunzi wa atachimenti? Niko mwaka wa pili kliniko medisini, hospitali inasema sisi si wafanyakazi wao, chuo nacho kinasema tuulize hospitali.

Sista_Kondele
Wewe huna mshahara kwa hivyo hesabu ya mzee ya miezi 96 inakuwa shida kwako. Angalia barua yako ya atachimenti, vyuo vingi vinalipisha bima ya ajali kwa ada, soma kama mambo ya kudungwa yamo ama ni kuvunjika mguu tu. PEP hospitali ya serikali ni bure hata kama wewe ni mpita njia. Na chanjo ya hepataitisi B umechoma? Kama bado usiingie wodi Jumatatu kabla ya kuchoma.

njoro_atachi
Nimechoma moja tu.

Sista_Kondele
Mnaona sasa. Nenda umalize.