Nimejaza picha za sebule kwenye simu, bado sijui mtindo wangu ni upi

Mwalimu_Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, bachela. Nimehamia nyumba ya kupanga Kihonda: sebule, vyumba viwili na jiko. Chini marumaru nyeupe, kuta krimu, madirisha ya aluminiamu yenye grili. Nilichonacho ni godoro, meza ya kusahihishia na stuli mbili. Bajeti ya kuanzia ni laki sita.

Tatizo langu ni Pinterest. Kila usiku nahifadhi picha. Kuna vyumba vyeupe vya Sweden na Denmark, kuna vya makapu na mimea ya kuning'inia, kuna vingine vina kuta nyeusi kama baa. Vyote navipenda! Jirani yangu nilimwonyesha, akasema nunua kochi la L na kabati la tivi, maisha yaendelee. Huenda ana hoja, ila sitaki sebule ambayo nikiingia najihisi mgeni. Nyie mlijuaje mnachokipenda? Naomba kuwasilisha.

Mama_Pazia
Mwalimu, karibu. Mimi nashona mapazia, na wateja wangu siku hizi wanakuja simu mkononi, hivyo ugonjwa huu naujua. Kwanza, nyingi ya hizo picha hujazichagua wewe. Ukigusa kochi moja la rangi ya mchanga, unaletewa makochi ya mchanga mpaka unaamini ndiyo ndoto yako tangu utotoni.

Zipitie upya. Futa kila uliyoihifadhi kwa sababu ni nzuri tu, bakiza zile ambazo ungekaa humo Jumapili mchana umevaa bukta. Kisha usiangalie fanicha, maana ndiyo inayokuchanganya. Angalia kinachojirudia: nafasi tupu ni kiasi gani, viti viko juu au chini, mwanga unatokea wapi.

Na hizo kuta nyeupe za Sweden zina sababu. Stockholm mwezi Desemba mchana wote una urefu wa kama masaa sita tu kisha giza, kwa hiyo kila mwanga unaoingia dirishani lazima wautunze. Wewe jua unalo la kumwaga. Ukuta mweupe juu ya hizo marumaru, saa saba mchana utavaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Pwani_Asilia
Sasa ndugu yangu, Denmark ya nini? Kitanda cha samadari, kiti cha enzi, mikeka ya ukili, zidaka za kuwekea vitu ndani ya ukuta. Mtindo unao hapa hapa nyumbani.

Mwalimu_Kihonda
@Pwani_Asilia naviheshimu sana, lakini nikae kwenye kiti cha enzi nasahihisha hesabu za kidato cha pili kama sultani? Na zidaka zinataka ukuta mnene wa mawe ya matumbawe. Mwenye nyumba wangu hataki hata msumari.

Pwani_Asilia
Hahaa, nimekuelewa. Basi acha vitu, chukua akili yake. Nyumba za zamani za Lamu na Unguja vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki sana mita tatu. Watu wakazoea kuweka vitu ukutani na katikati pakabaki wazi. Sebule yako ina upana gani?

Fundi_Keko
Afadhali umeuliza upana. Kwenye simu kila kochi linaingia! Mteja wangu mmoja kaleta picha ya kochi la Kimarekani, kina chake kimepita mita moja, mlango wake sentimita themanini. Nikamuuliza tunaling'oa dirisha au unahama?

Mwalimu, chaki unazo. Chora kochi sakafuni kwa vipimo kamili, ishi na huo mchoro siku kadhaa, upite nao na sahani ya ugali. Na ile ngozi bandia inayong'aa kwenye picha achana nayo, kwa joto na unyevu wa huku inabanduka vipande vipande. Chukua kitambaa.

Mwalimu_Kihonda
Nimerudi na mrejesho. Upana ni mita tatu na robo. Nimechora kochi la L, linaziba mlango wa jikoni, kwa hiyo jirani tumeshamalizana.

Picha nimefuta mpaka mkono umechoka. Zilizobaki ni mchanganyiko wa ajabu: ya Denmark ipo, ya makapu ipo, na mbili ni zile nyeusi za baa. Fanicha hazifanani kabisa. Ila karibu zote zimepigwa usiku, na hakuna hata moja yenye taa ya darini iliyowashwa. Taa iko chini, pembeni ya kiti, na kiti kimeegemea ukuta. Hapa ninapoandika niko chini ya tyubulaiti, sebule nzima inang'aa kama wodi.

Mama_Pazia
Haya, si umeona? Kumbe wewe si mtu wa nyeupe wala nyeusi, ni mtu wa taa. Laki sita yako usianze nayo kwenye kochi. Tafuta balbu ya LED iliyoandikwa 2700K au 3000K kwenye boksi, hiyo ndiyo ya njano. Yenye 6500K ndiyo ya wodi. Weka moja kwenye taa ya kusimama, moja ya mezani, tyubulaiti iwashe ukidondosha sindano. Rangi ya ukuta usiiguse kwanza, krimu kwa mwanga wa njano inageuka yenyewe, utaona. Pazia tutaongea baadaye, ila lisiwe la kumeremeta.

Fundi_Keko
Na kiti kimoja tu cha mninga, mikono mipana ya kubeba rundo la madaftari na kikombe. Mto wa kitambaa, foronya ya zipu ili ufue, vumbi la Kihonda nalijua. Stuli zako mbili zinatosha kwa wageni kwa sasa.

Soketi iko ukuta gani? Kiti kitakaa hapo hapo, hatutaki waya upite katikati ya sebule. Pima kutoka kwenye soketi mpaka kona, nitumie vipimo inbox.