Zahanati kila kijiji: tuendelee kujenga au tusimame kwanza?

Wakuu, naomba hili tulichambue bila ushabiki wa vyama.

Tangu MMAM (Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi) ianze hapa Tanzania mwaka 2007 wimbo ni ule ule: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Vijiji vyetu vinazidi 12,000. Wananchi wanachangishwa, wanasomba mawe na maji, wanapandisha boma hadi lenta, kisha wanasubiri Serikali iezeke. Mliokulia vijijini mnayajua maboma yaliyoota majani ndani. Na likikamilika? Muuguzi mmoja. Huyo huyo apime malaria, achanje watoto, agawe dawa, azalishe. Akiitwa wilayani kwenye semina, mlango kufuli.

Msimamo wangu: kwa miaka mitano tusianzishe boma jipya hata moja. Tumalizie yaliyopo, na fedha ziende kwenye nyumba za watumishi na usafiri wa wagonjwa. Nyumba nimeitaja makusudi. Unampangia kazi binti aliyetoka chuo juzi, kijijini hakuna hata chumba cha kupanga, halafu unashangaa anahangaikia uhamisho?

Kuhusu usafiri, mfano tunao. M-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, ilianzia Kanda ya Ziwa, ikazinduliwa kitaifa 2022. Unapiga 115 bure. Gari la wagonjwa lisipokuwapo, anatumwa dereva wa hapo hapo aliyesajiliwa, naye analipwa kwa simu. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hasaidiwi na jengo la pili kijiji cha jirani lenye muuguzi mmoja kama la kwanza. Anatakiwa afike penye damu na chumba cha upasuaji. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulikuta 556. M-mama haikuwa imeenea bado, kwa hiyo siipi sifa hiyo. Mimi naamini sehemu kubwa ni vile vituo vya afya vilivyowekewa vyumba vya upasuaji.

Karibuni, pingeni kwa hoja.

Mama Pacha: Mkuu, unaongea kama mtu mwenye lami mlangoni. Huku masika mto ukijaa hata pikipiki haivuki, hilo gari la 115 litapaa? Zahanati ya muuguzi mmoja unayoibeza ndiyo iliyomchoma mwanangu sindano ya malaria saa nane usiku, degedege limeshaanza. Kufuli lilikuwepo. Nikaenda kumgongea muuguzi kwake.

Mleta mada: Hapo kwenye mto umenibana, dada. Maeneo yanayokatika masika yajengewe, nakubali. Ila umemgongea kwake kwa sababu anaishi hapo. Angekuwa amepanga mjini, ungemgongea nani?

Mwanakata: Nyote mnairuka dawa. Nina kadi ya CHF, bima ya afya ya jamii, niliikata kwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Nikifika napimwa vizuri tu, kisha naandikiwa karatasi nikanunue duka la dawa barabarani. Sasa sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilishapita 2023, tutaongezewa kadi nyingine. Mleta mada, kwenye hiyo miaka mitano yako, kabati la dawa umelitengea shilingi ngapi?