Mnaoruka mazungumzo ya kwenye kochi mnaziua hizi muvi za wavuta bangi, halafu mnasema ni za kijinga!

Wakuu, naandika uzi huu nikiwa na hasira.

Juzi tulikaa watu watano kuangalia Pineapple Express, ile ya mwaka 2008 ya Seth Rogen na James Franco. Mimi ndiye niliyeipigia debe. Haijafika hata nusu saa, jamaa mmoja akachukua rimoti. "Hawa wanapiga soga tu, twende kwenye mapigano." Akapeleka mbele mpaka kwenye risasi. Muvi ilipoisha, huyohuyo akatoa hukumu: muvi za wavuta bangi hazina kichwa wala miguu, na anayezipenda lazima na yeye anavuta. Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

Mnajua alichoruka? Dale (Rogen) amekuja kwa Saul (Franco) kununua bangi yake aondoke zake. Saul, ambaye ni pusha, hataki aondoke. Anamwonyesha hiki, anamsimulia kile, anambembeleza akae kidogo kwenye kochi. Kwa Saul, huyu ni rafiki. Kwa Dale, yule ni mtu wa kumuuzia tu, na visingizio vya kuaga viko tayari mdomoni. Muvi nzima iko hapo jamani! Kukimbizwa, kupotea msituni usiku, kugombana mpaka kutupiana maneno ya kuumiza, Dale kwenda kujitosa kwenye ngome ya majambazi ili amtoe mwenzake: yote hayo yanajibu swali lililoanzia kochini, kama hawa wawili ni marafiki au ni muuzaji na mteja. Swali umeliruka, sasa jibu lake likuguse kwa lipi? Na Saul mwenyewe anauza ili amlipie bibi yake makao ya wazee. Hilo nalo utalijulia wapi kama unakimbilia bunduki?

Halafu hili la "ni bangi tu" ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kila mtu anajua wavutaji wengine wakishashika stimu huanza kuhisi wanafuatwa. Waandishi wa hii muvi, Rogen na Evan Goldberg, wameichukua hofu hiyo wakaifanya kweli. Dale anashuhudia mauaji, anakurupuka, anadondosha kipisi cha msokoto. Muuaji anakiokota, anakitambua, kwa sababu aina ile ni adimu mno na njia yake inaishia mlangoni kwa Saul. Kwa hiyo wanaogopa, na wana haki ya kuogopa! Bangi hapo ndiyo ushahidi unaowaumbua. Hata Up in Smoke ya mwaka 1978, wachekeshaji Cheech na Chong wanahangaika kutafuta cha kuvuta huku wameketi ndani ya gari ambalo bodi lake lote limetengenezwa kwa bangi, na wamelivusha mpakani kutoka Meksiko bila kujua. Ile ni hadithi iliyofikiriwa, si moshi wa kujaza skrini.

Na hayo mapigano mnayoyakimbilia, yana raha kwa sababu hawa watu hawajui kupigana. Chukua 48 Hrs. ya mwaka 1982 au Lethal Weapon ya mwaka 1987, muvi za watu wawili wasiopatana wanaolazimishwa kuwa pamoja. Kote huko yupo askari, bunduki anaijua. Hapa hakuna anayejua chochote. Ugomvi wa nyumbani kwa Red, yule anayemuuzia Saul mzigo, aliyechezwa na Danny McBride, ni watu wazima watatu wanaopigana kwa chochote kilicho karibu, wanahema, wanaumizana kwelikweli, na nyumba inabomoka. Au pale kwenye gari, kioo cha mbele kimechafuka hakuna kinachoonekana, Saul anakipiga teke kama mastelingi wanavyofanya. Mguu unapenya na kunasa hapohapo. Unacheka, lakini roho iko juu, kwa sababu watu wa namna hii wanaweza kufa wakati wowote. Stelingi wa kawaida tunajua hafi.

Ndiyo maana American Ultra ya mwaka 2015 sikuielewa kabisa. Wamemchukua mvutaji mpole, wakampa mafunzo ya siri ya CIA, anaua watu kwa kijiko. Kuna wanaoipenda, sawa. Ila ukishampa uwezo huo, hofu yangu juu yake imekwisha, na yeye hahitaji tena mtu wa kumshika mkono. Nadhani walioitengeneza nao waliwasikiliza watu wa rimoti.

Kuhusu "anayezipenda anavuta": sijawahi kuweka msokoto mdomoni. Muvi kama Pineapple Express, iliyotengenezwa kwa chini ya dola milioni 30 ikaingiza zaidi ya milioni 100 haikuangaliwa na wavutaji peke yao. Franco aliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe kwa kumcheza Saul, na siamini kilichowavutia wale wateuzi ni risasi alizofyatua. Ni yale macho yake pale kochini, ya mtu anayejua mgeni anataka kuondoka.

Mwisho wa muvi wamekaa mgahawani asubuhi, Dale, Saul na Red, wamejeruhiwa, wanasimuliana usiku wao huku wakila. Maongezi yamerudi, na safari hii hakuna anayetafuta sababu ya kuaga. Pale nilitaka jamaa yangu aone. Alikuwa ameinamia simu.

Jumamosi naiweka tena kuanzia dakika ya kwanza. Atakayekuja aje, lakini rimoti nakaa nayo mimi.