Namtafuta baba mzungu wa nkambo wetu kupitia wosia wake: nianzie wapi?

Mtoto wa Kamalondo
Jambo wakubwa. Nkambo wetu, mama mzaa mama, alizaliwa Élisabethville (Lubumbashi ya leo, Congo) miaka ya 1920. Mama yake Muluba, baba yake Mwingereza aliyekuja na watu wa reli kutoka Rhodesia (Zambia na Zimbabwe za leo). Mzee huyo alifia hapahapa kabla ya vita ya 40–45. Nkambo alibatizwa kwa jina la ukoo la baba yake, kwa hiyo hilo tunalo. Nyumbani wanasema aliacha wosia na kwamba nkambo ametajwa humo, ila hakuna aliyeuona kwa macho. Mama yangu amezeeka na anataka kujua ukweli angali hai. Wajomba wao wanawaza mali ya Ulaya. Mimi nataka kujua alikotoka, ndugu zake, na kama alimkubali mtoto wake. Ofisi moja hapa mjini wamenijibu kwamba dosie (mafaili) za wakati ule zimeharibika.

Mzee wa Likasi
Mwanangu, kama ni Mwingereza usianzie Brussels, kwa Wabelgiji waliotutawala. Wosia hufuata mali. Akiwa na akiba London, ilibidi wosia uthibitishwe Uingereza hata kama alifia Katanga. Tangu 1858, Uingereza na Wales wana orodha ya kila mwaka ya mirathi iliyothibitishwa, imepangwa kwa majina ya ukoo: marehemu alikoishi, siku aliyokufa na mahali, nani alikabidhiwa mirathi, na thamani yake. Orodha unaisoma kwenye intaneti, kisha unalipia nakala ya wosia wenyewe. Usiishie mwaka wa kifo, endelea na miaka kadhaa baada yake, maana karatasi za Congo zilisafiri polepole. Na kama alikuwa Mskoti, kumbukumbu zake ziko Edinburgh, ni njia nyingine kabisa.

Dada wa Ndola
Naongeza upande wa kusini. Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910 ikitokea Rhodesia, na watu wake wengi walikuwa wamefanya kazi huko au Afrika Kusini kwanza. Akiwa aliacha nyumba au akaunti Bulawayo au Johannesburg, faili la mirathi lilifunguliwa huko. Ndani yake tafuta fomu ya taarifa ya kifo: alikozaliwa, majina ya wazazi, kazi, mke, watoto. Kwa swali lako, naona fomu hiyo ina faida kuliko wosia! Fomu za Zimbabwe kuanzia 1904 zipo kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafuta koo, bila malipo. Ila kumbuka aliyeijaza anaweza kuwa rafiki au bosi tu. Ukikuta sehemu ya watoto iko tupu, usiamini kwamba nkambo alikataliwa.

Mama wa Katuba
Dada amesema kweli. Hata kwenye wosia usitegemee kuona neno "binti yangu". Soma mafungu madogo ya mwishoni: pesa kwa misheni, pesa kwa mwanamke asiye na jina la ukoo, pesa kwa rafiki "kwa kazi anayoijua". Halafu uliza nyumbani, kwa upole, kama nkambo alilelewa na masista. Serikali ya kikoloni iliwatenga watoto wengi machotara na mama zao. Mwaka 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi bungeni, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliwapa haki wanawake watano waliochukuliwa hivyo. Nyaraka za Taifa za Ubelgiji zina mradi wa Résolution-Métis unaosaidia familia kutafuta dosie za watoto hao. Hapo ndipo Brussels inakuhusu.

Wakili Kampemba
Wajomba waambiwe mapema: mirathi iliyogawanywa zaidi ya miaka 80 iliyopita haifunguliwi kirahisi. Atakayewaomba pesa kwa ahadi ya "urithi wa London", msimpe hata franka moja. Na msitafute kwa siri. Mama akubali kwanza, kwa sababu karatasi inaweza kuleta jina la mke mwingine na watoto wengine.

Mtoto wa Kamalondo
Aksanti sana. Mama amekubali, analia lakini amekubali. Wiki ijayo naenda parokia kuomba cheti cha ubatizo cha nkambo. Nichukue nini zaidi ya tarehe?

Mzee wa Likasi
Jina la baba wa ubatizo, na uliandike herufi kwa herufi. Likitokea tena London au Bulawayo kama msimamizi wa mirathi, umepata mtu aliyejua siri ya nyumba hiyo. Basi tafuta na wosia wake yeye.